Peni za zamani na za shaba: maboksi ya benki, roli za dirishani au mashine?

Kombo_Ohio: Wakuu, nipo Marekani, nina dola 100 za kuanzia. Nataka kutafuta peni (sarafu za senti moja) za zamani na za shaba. Nichukue maboksi manne benki, niombe roli dirishani, au ninunue mashine ya kuchambua kwanza? Naamua wiki hii.

Mpembuzi: Mkuu, hujasema la maana. Unataka shaba ya kuweka kwa kilo au sarafu za wakusanyaji? Akaunti unayo? Masalia utayarudisha wapi? Boksi moja ni roli 50 za peni 50, jumla 2,500, dola 25. Kama ni shaba, mashine. Kama ni zile zenye masuke ya ngano nyuma, 1909 hadi 1958, mashine haizitofautishi na shaba nyingine. Hapo ni macho tu.

Kombo_Ohio: Vyote viwili. Akaunti ipo.

Bi_Senti: Basi anza dirishani, kaka. Omba roli zilizofungwa na wateja wenyewe, zile za kukunjwa kwa mkono. Mara nyingi zimetoka kwenye chupa iliyokaa kabatini miaka. Roli za kampuni ya kusafirisha fedha zimeshachanganywa. Boksi likiwa na peni mpya tupu za mwaka mmoja, lirudishe bila kulichana. Ubaya wa roli za mkono: nyingine zina 48 au 49, na katikati unaweza kukuta daimu, sarafu ya senti kumi.

FundiMizani: Pima kabla hujafungua. Peni ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki iliyochovywa shaba ina 2.5. Roli ya zinki tupu ni gramu 125, ya shaba tupu 155.5. Weka karatasi ya roli isiyo na peni kwenye mizani, rudisha sifuri, kisha weka roli. Kila gramu 0.61 juu ya 125 ni shaba moja, kwa hiyo gramu 131 ni kama shaba kumi. Hesabu hii inaharibika roli ikiwa pungufu au ikiwa na sarafu ya kigeni. Peni za 1982 pima moja moja kwa mizani ya sonara, kwa sababu mwaka huo zilitoka za aina zote mbili. Ya 1983 yenye gramu 3.1 usiitumie, hiyo ni kosa la kiwanda na ina soko.

Mzee_wa_Ngano: Hakuna anayemwambia kuhusu kurudisha. Kuna jamaa alikuwa anaagiza maboksi tawi moja na kumwaga zinki zake tawi hilo hilo. Kila peni aliyoikataa aliigusa kwa kalamu ya wino. Baada ya muda maboksi yakaanza kumrudia na alama zake, roli nzima nzima, kwa sababu ghala la kampuni ya fedha ni moja kwa eneo lote. Karani naye akachoka kuburuta kilo sita na ushee kila wiki, meneja akamkatia oda. Chukua tawi hili, mwaga benki nyingine kabisa, kwenye mashine ya kuhesabia isiyotoza wateja.

Mpembuzi: Ndiyo maana nasema mashine. Unaweka peni safi ya 1975 kama sampuli, sensa inalinganisha kila inayopita, shaba kushoto, zinki kulia. Inakwama kwa peni zilizopinda na zenye gundi. Za Kanada za kabla ya 1997, shaba 98%, nyingine huangukia upande wa shaba.

Bi_Senti: Mashine kwa mtu mwenye dola 100? Boksi likiwa na shaba moja kwa tano, anabaki na peni 500, kilo moja na nusu tu.

Dalali_Tandika: Hizo mkizileta Dar wanunuzi wa kopa, yaani shaba, wanachukua fasta.

FundiMizani: Usimponze mwenzio. Kuyeyusha peni kumepigwa marufuku Marekani tangu Desemba 2006, faini hadi dola 10,000 au kifungo hadi miaka mitano. Msafiri anaruhusiwa kutoka nchini na peni na nikeli (sarafu za senti tano) za hadi dola tano, akiwa mkusanyaji ni hadi 25 kwa jumla.

Dalali_Tandika: Dola tano ni peni 500. Shaba yote ya boksi la Bi Senti inapita hapo.

Mzee_wa_Ngano: Za kuuzwa kwa kilo mnazipigania, peni ya 1943 hamsemi kitu? Pitisha sumaku. Ikinasa ni chuma ya kawaida ya mwaka ule. Ikiwa na rangi ya shaba na bado inanasa, mtu kaipaka shaba.

Kombo_Ohio: Meneja ananiambia maboksi hayana uhakika tangu utengenezaji ulipositishwa Novemba 2025. Nisubiri?

Bi_Senti: Usisubiri, nenda dirishani.

Mpembuzi: Dirishani utapewa roli tatu kwa wiki. Tawi lako linapokea sarafu za maduka au za watu binafsi tu?