Mjadala: Kuuliza mapato na matumizi ni dharau?

Wadau, naomba hili tulijadili bila kuoneana haya. Kijana anasimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, anauliza michango ya zahanati imeishia wapi. Jibu analopewa mara nyingi halina hata shilingi moja ndani yake: "Kijana, una dharau." Basi, hoja imekufa. Watu wanaguna, kijana anakaa, na daftari la mapato na matumizi linabaki limefungwa pale mezani.

Mimi nasema neno hili tunalitumia vibaya, tena kwa faida ya mwenye cheo.

Dharau ni kumfanya mwenzio si kitu. Tunaijua tukiiona: kumsonya mtu anayeongea, kumbetulia mdomo, kumpandisha na kumshusha kwa macho, kuitikia shikamoo ya mfagizi huku umeinamia simu. Anayeuliza hajafanya hayo. Asingemhesabu mwenyekiti kuwa ni mtu wa kujibu, asingejisumbua kumuuliza.

Hebu tazameni na methali: mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ni kitu kidogo, mguu ndio unaokanyaga, na lawama imemwendea mwenye mguu. Waliotunga waliijua dharau inayotoka juu. Siku hizi tumeifanya kosa la wadogo peke yao. Mkuu wa idara akimwita kwa kidole mhudumu wa ofisi aliye na umri wa mama yake, tunasema bosi ni mkali. Mama wa watu akichelewa kuitika, ana dharau!

Wapo watakaosema vijana wa sasa hawana simile, swali moja wanalifunga na matusi matatu. Kweli wapo, na wanaudhi. Anayemwambia mzee mbele za watu "wewe unajua nini" amekosa, akemewe na aombe radhi. Lakini huo ni ufedhuli, na akishaomba radhi swali lake bado linadai jibu. Kiswahili hakina njaa ya maneno hapa: kuna jeuri, kiburi, kejeli, utovu wa adabu. Tumtajie mtu kosa alilofanya, tusimtupie dharau kila anapotubana.

Kwa sisi wa Tanzania, Katiba ya 1977, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Haikutaja umri wala cheo. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Michango ya zahanati isipokuwa suala muhimu kwa jamii, lipi litakuwa?

Nawasikiliza, hasa wenyeviti na watendaji mliomo humu: yule kijana alitakiwa aulizeje ndipo msione amewadharau?