Naomba ushauri: kikoa chetu cha Jumapili kimegeuka mashindano, zamu yangu imefika na nataka kupika dagaa

Jiko la Nyegezi ameandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Naishi Nyegezi, Mwanza. Mwaka juzi mimi na majirani tulianza kula pamoja Jumapili moja kila mwezi, kwa zamu: leo kwangu, mwezi ujao kwako. Mume wangu kwao ni Pangani, akasema kwao huo unaitwa kikoa, na sisi tukalichukua jina. Tulianza kwa sababu wote tunapenda kupika na tunapenda kujua mwenzako anapika nini. Jirani Mhaya alitupikia ndizi. Mwalimu mmoja wa Magu alitupikia mgagani, ile mboga ya majani, na maziwa, siku hiyo hata watoto walilamba sahani. Dada wa Ukerewe alitulisha michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) na maziwa ya mgando, basi, hakuna kingine, na tulikaa pale uani mpaka saa mbili usiku tukipiga stori.

Kisha ikaja zamu ya mmoja wetu, akapika pilau ya kuku wa kienyeji na kuleta kreti mbili za soda. Tulifurahi. Aliyefuata akakaanga sato wazima, kila mtu wake. Aliyefuata akachinja mbuzi. Hakuna aliyetamka kwamba tushindane, lakini mimi mwenyewe zamu iliyopita nilikopa elfu hamsini ili nisionekane nimepungua.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya dada wa Ukerewe. Ana genge dogo la maandazi na chai, watoto watatu, mume yuko kisiwani. Alhamisi akatuma ujumbe kwamba amepata safari ya ghafla. Jumapili hiyo hiyo nikaenda bombani saa nne asubuhi, nikamkuta. Aliponiona akainamisha macho kwenye ndoo yake. Ndoo ikajaa, maji yakaanza kumwagika miguuni, na hakufunga bomba. Nilimsalimia, akaitikia, nikaondoka. Tangu siku hiyo sina raha.

Sasa zamu ni yangu, Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Tutakuwa kama 14 pamoja na watoto. Nataka nipike ugali wa muhogo na dagaa wa karanga, ili anayekuja baada yangu asione aibu kupika alichonacho. Maswali yangu:

Je, wenzangu wataona nimewadharau? Kuna mzee mmoja wa makamo huwa anakuja na familia yake, anapenda heshima zake.

Pili, nikipika dagaa wengi huwa wanabaki na mchanga, na wanakuwa na uchungu kwa mbali. Dagaa wa watu wanne nawaweza. Wa watu 14 sijawahi.

Tatu, nilitaka kuongeza kambare mkavu pembeni ila mmoja wetu ni Msabato.

Naombeni mnisaidie.

Binti Buzuruga amejibu:

Nakaa hapa nisubiri majibu. Kwetu hili lilitukuta na kikundi kikafa kimya kimya, hakuna aliyeaga.

Mwana wa Mwaloni amejibu:

Dada, nauza dagaa Kirumba mwaka wa kumi na moja huu, nikujibu la pili.

Kwanza angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti vizuri, wavuvi wengi wanapumzika. Siku hizo mzigo unapungua na bei inapanda. Nunua giza lilipo, usingoje Jumamosi ya mwisho.

Pili, uliza walianikwa wapi. Wa kuanikwa kwenye chanja au juu ya jiwe na wa kuanikwa chini mchangani si bei moja, na kwa shughuli ya watu wengi hiyo tofauti ilipe tu, utaokoa nusu siku ya kuosha. Chukua mmoja mkononi umvunje. Akikatika ko! amekauka. Akipinda kama mkanda, mwache. Rangi iwe ya fedha. Msimu wa mvua kuna wanaochelewa kukauka, wanageuka wekundu wekundu na harufu inabadilika, hao hata karanga haziwaokoi. Kwa watu 14 sado moja (lile kopo la kupimia sokoni) inakutosha na itabaki.

Kuosha: usiku wa kuamkia siku yenyewe chambua vichwa huku unaongea na watu wako, kazi inakwenda. Pepeta kwenye ungo. Kisha beseni kubwa, maji ya uvuguvugu, si ya moto maana yatawalainisha wavunjike. Watie, wazungushe kwa mkono taratibu, halafu WATOE KWA JUU, kwa viganja. Usimwage beseni lote kwenye chujio, hapo ndipo wengi wanakosea: mchanga umeshatua chini, ukimwaga unawarudishia wenyewe. Badilisha maji, rudia. Ukipapasa kitako cha beseni na vidole visikwaruze kitu, umemaliza. Usiloweke na kwenda kufanya shughuli nyingine.

Uchungu ni vichwa, na mara nyingi ni mafuta yaliyoungua. Kaanga kidogo kidogo, mafungu manne au matano, usijaze kikaango. Wakianza kulia kama changarawe, toa.

Kijana wa Igoma amejibu:

Samahani dada, mimi nina mawazo tofauti. Dagaa nawapenda, nimekulia hao. Lakini ukitoka mbuzi ukaenda dagaa kwa mkupuo mmoja, watu watasoma ujumbe. Watasema anatusema. Na huyo dada wa Ukerewe akijua umepika dagaa kwa ajili yake ataumia mara mbili. Tafuta cha katikati. Kichwa kimoja kikubwa cha sangara kinatoa supu ya watu wengi, hakigharimu kama sato 14, na hakuna atakayesema umebana.

Sengerema Kwetu amejibu:

@Kijana wa Igoma supu ya kichwa ni tamu, sikatai, ila atakayefuata ataona lazima aongeze minofu, na wa baada yake ataona lazima alete sato. Tatizo halijaondoka, limeshuka ngazi moja.

Sisi tulikaa tukaambiana wazi: wanga mmoja, mboga mbili, maji ya kunywa. Soda hakuna, nyama ni Krismasi na Idi. Aliyezidisha hatumsifu. Mwanzo kulikuwa na manung'uniko, hasa kwa mmoja ambaye kipato chake kilikuwa kizuri, aliona tunamnyima kutoa. Tukamwambia atoe mkaa wa kila Jumapili, popote pikwapo. Mpaka leo anatoa.

Bibi Mkerewe amejibu:

Mwanangu Nyegezi, nimekusoma mara mbili. Huyo binti wa kwetu usimpelekee huruma, hataipokea. Mpelekee kazi. Nenda kwake siku mbili kabla, mwambie: nina watu 14 na ugali wa udaga, huu wa muhogo uliovundikwa, siuwezi, njoo unisongee. Na hutakuwa unamdanganya, maana ugali wa muhogo wa watu wengi si wa kila mkono.

Haupikiwi uji kwanza kama wa sembe. Maji yakichemka unatia unga na kusonga papo hapo, mkono haupumziki, ukizubaa unapata mabonge na ndani unga mbichi. Kwa hao watu songeni mara mbili, sufuria mbili za kati, msijaribu moja kubwa. Kilo tatu na nusu za unga. Mimi huchanganya na mtama kidogo, unashika vizuri na rangi inapendeza.

Unga ununue kwa mtu unayemjua. Muhogo mchungu usipovundikwa na kukaushwa ipasavyo una sumu, hili si la kubahatisha na watoto wapo.

Kuhusu mzee: mpe maji ya kunawa wa kwanza, mpe kiti kizuri, mpakulie wa kwanza. Heshima inaanzia hapo.

Ilemela SDA amejibu:

Mimi ni Msabato, nikusaidie la tatu. Kambare hatumli kwa sababu hana magamba, tunashika Walawi 11. Kamongo vilevile, wengi wetu hatumgusi. Dagaa, sato na sangara hawana shida kabisa. Ukiamua kumpika kambare kwa ajili ya wengine, chungu chake na mwiko wake viwe mbali, na umwambie mwenzako mapema ili asile kwa mashaka. Ila ushauri wangu, mwache kambare siku hiyo. Chakula ambacho wote mnatia mkono kwenye sahani moja kina raha yake.

Jiko la Nyegezi ameandika:

Ahsanteni sana, nimesoma yote. @Kijana wa Igoma maneno yako yamenifikirisha kuliko yote, hasa kuhusu dada kuumia mara mbili. @Bibi Mkerewe shikamoo bibi, la kwenda kumwomba anisongee sikuwa nimeliwaza kabisa. Kesho naenda. Kambare nimemwacha.

@Mwana wa Mwaloni, karanga nazitia lini?

Mwana wa Mwaloni amejibu:

Mwisho kabisa. Kitunguu, nyanya nyingi ziive mpaka zitengane na mafuta, hoho, kisha dagaa waliokaangwa, maji kidogo. Karanga za kukaanga zilizotwangwa uzikoroge pembeni na maji ya uvuguvugu mpaka ziwe kama uji mzito, umimine huku unakoroga. Dakika kumi. Ndimu ukishaepua.

Jiko la Nyegezi ameandika:

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyowaahidi wengine inboksi.

Ijumaa nilikwenda kwa dada wa Ukerewe. Nilimkuta anakanda unga wa maandazi ya kesho yake. Nikamwambia kama bibi alivyonielekeza, bila kuongeza neno. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Unga umenunua wapi?" Nikamtajia. Akasema huo hapana, nitakuja na wangu wa nyumbani, wewe utanirudishia pesa. Nikamwambia sawa.

Dagaa nililipa zaidi kidogo nikapata wa jiwe. Jumamosi usiku tulichambua vichwa mimi, mume wangu na watoto, saa moja na nusu tumemaliza. Kuosha, maji manne. Mara ya kwanza kitako cha beseni kilikuwa na mchanga wa kujaza kijiko, na hao ni wa jiwe! Mara ya nne nilipapasa, safi.

Jumapili dada alikuja saa tano na mwiko wake mwenyewe, ule mrefu wa mti, mpini umekuwa mweusi kwa kushikwa. Akafunga kanga kiunoni, akaishikilia sufuria kwa mguu, akaanza. Mwalimu na yule wa pilau walisimama mlangoni wanaangalia. Alikuwa anausonga ule ugali hadi unavutika, anaukunja upande, anaurudisha, jasho linamtiririka na hasimami. Alipogeuza sufuria ya kwanza kwenye sinia, ugali ukatoka umetulia, unang'aa, hauna bonge hata moja. Yule wa pilau akamwomba mwiko ajaribu sufuria ya pili. Akasonga kama dakika mbili akaurudisha, mikono imechoka.

Tulikula kwenye masinia matatu. Dagaa walikwisha. Mchanga hamna, uchungu hamna. Nilisema mbele ya wote kwamba zamu iliyopita nilikopa, na sitaki kukopa tena ili tule pamoja. Kukawa kimya. Aliyechinja mbuzi akasema hata yeye alilipa yule mbuzi kwa miezi miwili. Hapo ndipo mazungumzo yakafunguka, na tukachukua ule utaratibu wa Sengerema: wanga mmoja, mboga mbili, maji. Soda tumebishana, bado hatujamaliza.

Mzee niseme ukweli, sijamsoma. Nilimpa kiti, maji, nikampakulia wa kwanza. Alikula, akashukuru, akaondoka mapema kuliko kawaida yake. Mke wake alibaki mpaka mwisho na akabeba dagaa kidogo kwenye kopo. Nitakwenda kumsalimia wiki hii.

Mwezi ujao ni zamu ya dada, ameomba mwenyewe. Kasema michembe.

Bibi Mkerewe amejibu:

Wabeja sana, yaani ahsante sana, mwanangu. Kwa mzee nenda, tena usichelewe. Usimuulize kama alikasirika, mpelekee salamu tu na ukae.

Kijana wa Igoma amejibu:

Dada hongera, nimefurahi kukosea. Huo mwiko nimeuona.

Binti Buzuruga amejibu:

Nimewatafuta wenzangu wa zamani wawili leo. Mmoja amekubali. Nianze na nini, tuko watatu tu?

Sengerema Kwetu amejibu:

@Binti Buzuruga watatu wanatosha. Anza na unachopika kila siku nyumbani kwako.

Jiko la Nyegezi ameandika:

Swali moja la mwisho kwa @Mwana wa Mwaloni: karanga zilishika kidogo chini ya sufuria, ladha haikuharibika lakini niliogopa. Nilikosea wapi?

Mwana wa Mwaloni amejibu:

Moto. Kabla ya kutia karanga toa nusu ya mkaa jikoni, na ukishaanza kukoroga usimpokee mgeni mlangoni, mtume mtoto.