MREJESHO: Wale washikaji wa uraka, Masasi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Msimu wa korosho niliwauliza nifanyeje na washikaji wanaonivuta kwenye uraka, ile pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), kila tukitoka shambani. Asanteni sana wote.

Ushauri wa kuwasomea Mithali 1:10 (wenye dhambi wakikushawishi, usikubali) ulibuma. Wakaanza kuniita "mchungaji" hadi sokoni, mbele ya mama! Kilichosaidia ni ule wa dada aliyesema jioni nisikae bila pa kwenda. Sasa hivi niko mazoezi ya kwaya, na kurudi natembea na jirani yangu Mwislamu, pombe hagusi kabisa (huyu hamkumtaja, ila ndiye ananibeba).

Mmoja wa wale washikaji amejiunga kwaya, anaimba besi. Ila rafiki yangu wa tangu chekechea hanisalimii tena. Hilo bado linaniuma, mwenye wazo anisaidie.