Kumuuliza mgonjwa "umeelewa?" siyo kumfundisha! Mama nusura afe kwa insulini

Wakuu, nimechafukwa, mtanivumilia.

Mama ameanzishiwa insulini kliniki ya kisukari. Nesi kampa kipeperushi cha Kiingereza, kamsomea harakaharaka: uniti 20 asubuhi, 10 jioni, usiweke juani, badilisha sehemu ya kuchoma. Halafu swali lao pendwa: "Umeelewa mama?" Mama kajibu ndiyo. Mlitaka ajibu nini, na benchi zima linamkodolea macho?

Mama hakwenda shule, tarakimu hawezi kuzisoma, anahesabu kwa mdomo tu. Noti anazitambua kwa rangi, na miaka yote kapika chakula cha kuuza kwa kukadiria kwa jicho. Ukimwonyesha kitu mara moja, mikono yake haisahau. Nesi angeyajua haya kwa swali moja tu: mama, unasoma?

Basi asubuhi yake, maadamu kaambiwa 20, kahesabu mistari 20 kwenye bomba. Wanaoyajua mabomba ya insulini ya mililita 1 wameshashtuka: kwenye mengi kila mstari ni uniti 2, na la mama ni hivyo. Kajichoma uniti 40! Namkuta jasho linamtiririka, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Kupima sukari ya damu, 2.9 mmol/L, imeshuka mno. Nikakoroga sukari kwenye maji, akanywa, tukasubiri robo saa, tukapima tena, ikawa inapanda. Mungu mkubwa.

Nimerudi kule kuuliza, najibiwa: "Tulimwelekeza, na mwenyewe alisema ameelewa." Yaani mwenye kosa ni mama!

Na msiniletee habari za foleni na uhaba wa wauguzi, nazijua. Kumpa mtu bomba na maji avute dozi yake mbele yako ni dakika mbili, akikosea unamwona hapohapo. Anayesoma mpe karatasi, tena ya Kiswahili. Mwenye simu janja mwache arekodi ukionyesha. Asiyeona vizuri, mwite anayeishi naye. Lakini wapi, wote kipeperushi kilekile, hadi bibi wa watu mwenye mtoto wa jicho!

Sasa hivi kila bomba jipya nalifunga utepe mwenyewe: mwekundu dozi ya asubuhi inapoishia, mweusi ya jioni. Mama anavuta bila kuuliza mtu.

Kuna anayejua kliniki ambayo nesi anamwambia mgonjwa "hebu nionyeshe"? Nitajieni hata kama ni mkoa mwingine, nimhamishe.