Mrejesho: Kuhamia kumbukumbu za kielektroniki za wagonjwa

Niliuliza awali kama kituo chetu cha afya kiingize mafaili yote ya zamani kwenye mfumo wa kompyuta kabla ya kuanza kuutumia, au kianze mara moja na mafaili yafuate taratibu. Wengi mlishauri njia ya pili, nasi tukaifuata. Tuliingiza kwanza mzio, magonjwa sugu, chanjo na dawa anazotumia mgonjwa. Taarifa nyingine huingizwa mgonjwa mwenyewe anapofika.

Kilichotusumbua zaidi ni mgonjwa mmoja kuwa na kumbukumbu mbili. Karani mmoja akiandika "Mohamed" na mwenzake "Muhammad", mfumo unaona watu wawili, na mzio wa penisilini uliorekodiwa upande mmoja hauonekani kwa daktari aliyefungua upande wa pili. Sasa mapokezi hutafuta pia kwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu kabla ya kusajili mtu upya, na kumbukumbu pacha huunganishwa na msimamizi peke yake.

Madaktari, ambao ndio niliohofia wangegoma, walizoea upesi. Ugumu umebaki kwenye nywila: zamu ikiwa na msongamano, wauguzi huazimana, na hapo rekodi ya nani alifungua au kubadilisha nini haina maana tena, hata mfumo uwe mzuri kiasi gani.

Umeme ukikatika tunatumia fomu za karatasi, na aliyeijaza ndiye anayeiingiza. Maabara bado haijaunganishwa, hivyo majibu yake yanachapwa upya kwa mkono.