Mshale wa kemia unageuka â†’, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nafundisha kemia sekondari hapa Mbale, na noti za wanafunzi naziandaa mwenyewe. Kwangu inasomeka CaCO3 → CaO + CO2, lakini nikipeleka faili la maandishi matupu kwa mchapishaji, mshale unatoka â†’.

Sababu ya hilo naifahamu. Mshale huo ni U+2192 katika Yunikodi (orodha inayoipa kila herufi namba yake), na UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi hizo kwenye faili, huuhifadhi kwa baiti tatu: E2 86 92. Kompyuta ya mchapishaji inazisoma kwa Windows-1252, mfumo wa zamani wa baiti moja kwa herufi moja, basi kila baiti inageuka herufi.

Linaloniumiza kichwa ni Word. Nikiandika --> inaniwekea mshale, kumbe ni herufi ya fonti ya Wingdings, ile inayoonyesha michoro badala ya herufi. Nikiinakili kwenda WhatsApp inabaki "à" tu. Mtoto akisoma "CaCO3 à CaO + CO2" ataelewa nini jamani?

Najua kuandika 2192 kisha Alt+X, ila noti za muhula mzima zimejaa mishale ya Wingdings. Nifanyeje niibadilishe yote kwa mkupuo? Na kwa mchapishaji, nihifadhi UTF-8 yenye BOM (alama ya mwanzo wa faili inayotambulisha UTF-8), au nimpe PDF tu? Mitihani imekaribia, nitashukuru sana.