M33 haionekani kwenye darubini ya inchi 8

kilimia_usiku: Wakuu, natafuta M33, galaksi ya Pembetatu. Mng'ao wake unatajwa kuwa 5.7 (namba ikiwa ndogo, kitu kinang'aa zaidi), lakini kwa darubini ya inchi 8, fokasi mm 1200, na lenzi ya jicho ya mm 10, naona giza tupu. Nakosea wapi?

Mzee wa Darubini: Mkuu, umeikuza mno. Ile 5.7 ni mwanga wote kwa jumla, nao umetandazwa kwenye eneo la zaidi ya digrii 1, yaani mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Kwa mm 10 unapata ukuzaji wa mara 120 (1200 ÷ 10) na eneo la anga linaloonekana lisilofika nusu digrii, kwa hiyo umeingia ndani ya galaksi na huoni ukingo wake. Weka lenzi ya mm 32, inakuza kidogo na kuonyesha eneo pana. Toka galaksi ya Andromeda nenda nyota Mirach, kisha endelea umbali kama huohuo upande wa pili. Mwezi usiwepo, macho yakae gizani dakika 30, halafu gonga tyubu taratibu: ukungu ukitikisika, ndiyo yenyewe.

kilimia_usiku: Kichujio cha oksijeni, kile kinachopitisha mwanga wa gesi ya oksijeni tu, kitasaidia?

nyota_kusini: Kwa galaksi nzima, hapana, mwanga wa nyota una rangi zote, utaufifisha tu. Kitumie kwa NGC 604, wingu la gesi linalozaa nyota ndani ya M33, upana wake kama miaka ya nuru 1,500. Liko kaskazini-mashariki ya kiini. Hapo sasa rudisha ile mm 10: ni kidoa kidogo chenye ukungu, kinavumilia kukuzwa.